Mvua ambayo hakuna aliyeipima

Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu. Watu walikuwa wameteremka kutoka milimani na mizigo yao, kama wafanyavyo kila juma. Mvua ikanyesha, mito ikafurika, na matope pamoja na mawe makubwa yakashuka juu ya soko na juu ya nyumba. Bushushu, kijiji jirani, nacho kilipatwa vilevile. Katika siku zilizofuata zaidi ya maiti 400 zilizikwa, nyingi katika makaburi ya pamoja, na watu wengine wengi hawakuonekana tena hata leo. Siku mbili tu kabla ya hapo, ng'ambo ya ziwa, upande wa Rwanda, mafuriko na maporomoko yalikuwa yamekwisha kuua watu zaidi ya 130.

Ndugu zangu wapendwa, sisi wa Kivu twazijua habari hizo, na tumewaombea marehemu wetu. Ila kuna jambo moja lililofuata ambalo wachache kati yetu wamelisikia, nami naona linastahili kutafakariwa na kila mlei. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, kundi la wataalamu wa kimataifa liitwalo World Weather Attribution, ambalo kazi yake ni kuchunguza kama maafa fulani yalichochewa na mabadiliko ya tabianchi, lilitoa ripoti juu ya mafuriko ya kandokando ya Ziwa Kivu. Wataalamu hao wamekwisha kuchunguza maafa ya namna hiyo katika nchi nyingi za dunia, na mara nyingi huweza kusema kwa kiasi gani joto la dunia limeongeza uwezekano wa mvua kubwa au ukame. Kuhusu Kivu walishindwa. Walisema wazi kwamba takwimu zilizopo ni chache mno kuwawezesha kujibu.

Tutafakari maana ya jibu hilo. Makaburi yetu yana hesabu, lakini mvua iliyowaua waliolala humo haina hesabu. Ilinyesha kiasi gani juu ya vilima vya Kalehe? Kwa saa ngapi? Je, ni mvua inayokuja mara moja katika miaka mia, au ni mvua ambayo watoto wetu wataiona kila baada ya miaka kumi? Ulimwengu ulipoyauliza maswali hayo, haukupata daftari la kutosha kuyajibu. Maskini wa Kalehe walikufa, na hata chanzo cha kifo chao hakikuweza kupimwa.

Mtu ataniuliza: idadi ya milimita za mvua ingewafaa nini wafu? Wafu haiwafai kitu. Wanaoishi leo katika mabonde yale yale ndio inaowafaa, nami nitaeleza kwa mfano wa mahali pengine katika nchi yetu hii hii.

Mwezi wa Januari 2024 Mto Kongo ulifurika na kuingia katika mitaa mingi ya Kinshasa. Mamlaka ya njia za maji iliweza kuutangazia umma kwamba maji yalikuwa yamefikia mita 6.20, yaani sentimita chache tu chini ya mita 6.26 za mwaka 1961, ambazo ndizo kilele kinachokumbukwa. Tangazo hilo liliwezekana kwa sababu tangu mwanzo wa karne ya 20 kuna watu waliokuwa wakishuka kwenye ukingo wa mto na kusoma kipimo cha maji, wakati wa amani na wakati wa machafuko, chini ya serikali hii na chini ya serikali ile. Kazi hiyo haikuwazuia maji kuingia nyumbani mwa watu. Lakini mhandisi anayetaka kujenga ukuta Kinshasa leo anajua aujenge kwa urefu gani. Mhandisi anayetaka kujenga daraja juu ya mto mdogo wa Kalehe, katika barabara ya taifa namba 2 iunganishayo Bukavu na Goma, anakisia.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Siku hizi tunasikia kila mahali kwamba maendeleo yanapaswa kulinganishwa na mabadiliko ya tabianchi. Wafadhili wanayasema, wakuu wa serikali wanayasema, na sisi katika mikutano yetu tunayarudia. Ni maneno ya kweli. Ila kulinganisha ni kuweka kitu kando ya kingine. Ukiwa huna kipimo cha jana, wala cha leo, utalinganisha nini na nini?

Daraja hujengwa kwa kukadiria mvua kubwa kabisa inayoweza kunyesha katika miaka 50, kwa mfano. Makadirio hayo hutokana na vipimo vya miaka mingi vya bonde lenyewe au vya mabonde yanayofanana nalo. Visipokuwapo, huazimwa tarakimu za mbali, na mara nyingi daraja linalozaliwa na tarakimu za kuazima huwa dogo kuliko mto wake. Fedha zimetumika, utepe umekatwa, na baada ya masika mawili watu wanavuka tena kwa magogo.

Mkulima naye yumo. Katika Kivu tunapanda msimu wa kwanza kuanzia Septemba na wa pili kuanzia Februari. Kila mama anayelima maharagwe atakuambia kwamba mvua haitunzi tena miadi yake: inaanza, mbegu zinaota, kisha inakatika siku kumi na miche inakauka. Je, ni kweli kwamba mwanzo wa msimu umesogea? Umesogea kwa siku ngapi? Mkulima anahitaji kujua kama avumilie juma moja zaidi, au abadili mbegu kabisa na kuchukua ile inayokomaa upesi. Mtaalamu wa kilimo asiye na orodha ya tarehe za mvua za miaka 30 anaweza tu kumpa maoni yake. Mama huyo akikosea, hupoteza mbegu, na mbegu ndiyo akiba ya nyumba.

Tena kuna haki. Katika mkutano wa kimataifa wa tabianchi uliofanyika Sharm el-Sheikh mwaka 2022, mataifa yalikubali kuunda mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kwa ajili ya hasara na uharibifu, na mwaka uliofuata, huko Dubai, mfuko huo ukaanzishwa rasmi. Sisi tulio na sehemu ndogo sana katika moshi unaoipasha dunia joto tuna haki ya kugonga mlango huo. Lakini anayedai fidia huulizwa ushahidi. Tajiri aliyepima mvua yake kwa miaka mia na hamsini ataleta ushahidi kamili wa bustani zake zilizoharibika, na maskini aliyezika mamia ya watu ataleta machozi. Nasema hivi kwa uchungu: katika ulimwengu wa leo, kutokuwa na takwimu ni namna nyingine ya kuwa maskini, nayo huzidisha umaskini wa kwanza.

Isidhaniwe kwamba nchi hii haikujua kupima kamwe. Kabla ya uhuru kulikuwa na mamia ya vituo vya kupimia mvua katika Kongo nzima. Yangambi, kando ya mto, palikuwa na taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo tangu mwaka 1933. Hapa kwetu Kivu, Lwiro na Mulungu palikuwa na watafiti walioandika habari za mvua na joto. Misheni nazo zilishiriki. Wamisionari wa Afrika waliamriwa na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kuandika shajara ya kila kituo siku kwa siku, na katika misheni mbalimbali za nchi hii kipimamvua kilisimama uani, na aliyepewa kazi hiyo alikisoma kila asubuhi. Ni kweli kwamba wakoloni walipima hasa kwa faida ya mashamba yao ya kahawa, pamba na mawese. Hata hivyo, mvua waliyoipima ilikuwa mvua yetu, na madaftari yale leo ni mali yetu. Baada ya uhuru, kidogo kidogo vituo vingi vilinyamaza. Mishahara ilikoma, vyombo viliharibika, vita vikaja, wasomaji wakakimbia, karatasi zikawa za kufungia karanga. Leo shirika la taifa la hali ya hewa, METTELSAT, lina jukumu la kuchunga anga la nchi yenye kilomita za mraba 2,345,000, na vituo vilivyo hai havitoshi hata kidogo kwa ukubwa huo.

Wako wanaosema: mbona satelaiti zinaona kila kitu kutoka juu? Satelaiti ni msaada mkubwa, nasi tumshukuru Mungu kwa akili aliyowapa wanadamu. Lakini satelaiti haishiki mvua mkononi. Inatazama mawingu na kukisia maji yanayoanguka kutoka humo, kisha makisio yake hayana budi kusahihishwa kwa kipimo cha chini. Penye milima kama yetu makisio hayo hukosea zaidi, kwa sababu kilima kimoja kinaweza kulowa huku kilima jirani kikiwa kikavu. Uwanda wa Ruzizi na milima inayouangalia haviko mbali, na kila mkaaji wa Uvira anajua kwamba mvua zake si moja. Chombo kimoja cha Bukavu hakiwezi kuwa shahidi wa Kalehe, Walungu, Mwenga na Fizi.

Wengine watasema neno zito zaidi, nami sitaki kulikwepa. Watasema: ndugu, unatuletea habari za vipimamvua wakati watu wanakimbia risasi? Wale waliokufa Nyamukubi wameuawa na umaskini kabla ya kuuawa na maji. Walijenga bondeni kwa sababu huko ndiko kuliko na soko, ziwa, barabara na usalama kidogo. Tena walikuwa wameonywa, kwa maana mwaka 2014 maji yalikuwa yamekwisha kuua watu sehemu hizo hizo, nao walirudi kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Maneno hayo ni kweli, nami nayakubali yote. Takwimu pekee haziokoi mtu. Tukumbuke Yosefu kule Misri. Farao alipata habari ya miaka saba ya njaa, lakini habari hiyo isingewashibisha Wamisri kama Yosefu asingejenga maghala na kuweka akiba sehemu ya tano ya mavuno katika kila mwaka wa neema. Onyo bila ghala ni mateso tu. Mwaka 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitoa ahadi kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema. Kwetu ahadi hiyo itakuwa ya kweli siku ambayo mama wa Bushushu, akipata onyo saa tisa alasiri, atakuwa na kilima cha kupandia, njia ya kupitia na nyumba ya kumpokea usiku huo. Kupima, kuonya na kupokea ni kazi moja. Lakini tuone pia upande wa pili: maghala ya Yosefu yasingejengwa bila ile habari ya kwanza. Na vita visitufanye tudhani kwamba mvua inatungojea tumalize kupigana. Hainyeshi kwa kufuata ratiba ya mazungumzo ya amani.

Sisi walei tumefundishwa njia ya Kardinali Cardijn, ile ambayo Papa Yohane wa XXIII aliipokea katika mafundisho ya Kanisa mwaka 1961: kuona, kupambanua, kutenda. Nakiri kwamba katika mambo ya uumbaji tumezoea kuruka hatua ya kwanza. Tunapambanua haraka, mmoja akisema ni adhabu ya Mungu, mwingine akisema ni wachawi, wa tatu akisema ni wazungu na viwanda vyao. Kisha tunatenda kidogo, tunapanda miti siku moja ya mwaka na kupiga picha. Kuona kwenyewe tumewaachia wengine. Lakini marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, alipoandika Laudato Si' mwaka 2015, alianza kwa kutazama hali halisi ya nyumba yetu ya pamoja kabla ya kuingia katika mafundisho ya imani juu ya uumbaji, na humo alilitaja bonde la Kongo kwa jina. Mwaka 2023, katika Laudate Deum, alirudi tena kwenye tarakimu za wataalamu na kuwakemea wanaozidharau, wakiwemo wengine ndani ya Kanisa. Naye Bwana wetu Yezu Kristu, katika Injili ya Luka, aliwashangaa watu waliojua kuusoma uso wa mbingu na wingu litokalo magharibi, ila wakashindwa kuusoma wakati wao. Sisi tuko karibu kushindwa yote mawili.

Basi, tufanye nini? Napendekeza jambo dogo ambalo halihitaji kungoja mradi kutoka nje. Kila parokia yetu, na kila shule ya kikatoliki iliyo mlimani, iwe na kipimamvua. Chombo chenyewe si cha ajabu: ni kopo lililonyooka, lenye mdomo wa kipimo kinachojulikana, lililowekwa mahali pa wazi, mbali na miti na paa, pamoja na bilauri yenye mistari ya milimita. Milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Mtoto wa shule ya msingi ataelewa. Naye akielewa, ataweza kuwahesabia wazazi wake kwamba milimita 50 zikianguka juu ya kilima chenye kilomita 10 za mraba, ni mita za ujazo 500,000 za maji yanayotafuta njia ya kushukia, na kama msitu umekatwa njia hiyo ni mlango wa nyumba yao.

Ugumu hauko katika chombo. Uko katika uaminifu: kila asubuhi, saa ile ile, pasipo kuruka hata siku moja, na kuandika sifuri siku isiyo na mvua kwa uangalifu ule ule wa siku ya gharika. Asiyesoma kwa juma zima kisha akajaza daftari kwa kukisia amesema uwongo, tena uwongo unaoweza kuua miaka 20 baadaye. Je, ni nani aliyezoezwa katika uaminifu wa namna hiyo kuliko sisi? Tunao watu wanaopiga kengele ya Malaika wa Bwana kila siku tangu walipokuwa vijana. Tunao makatekista wanaotunza vitabu vya ubatizo vya miaka 80, ambavyo mvua, mchwa na vita havikuvishinda. Tunao vijana wa Xaveri, harakati iliyozaliwa hapa Bukavu mwaka 1952, na vijana wa Kiro na Skauti, wanaotafuta utume wenye maana. Vijana hao wakigawana zamu, wawili kwa kila mwezi, kazi haitamlemea mtu.

Nakala moja ya daftari ibaki parokiani, pamoja na vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Nakala nyingine ipelekwe kila mwezi kwa wataalamu wa taifa na kwa vyuo vikuu vyetu. Naisisitiza nakala ya parokiani kwa sababu twajua historia yetu: mengi yaliyochimbwa hapa yaliondoka bila kurudi. Habari za mvua zisiwe madini mengine. Zitolewe bure kwa wote, na wenyewe tubaki nazo. Na pale penye parokia iliyotunza shajara za zamani za misheni, wazee na vijana waketi pamoja wazisome, waandike kila mstari unaotaja mvua ya mawe, ukame, mafuriko au njaa. Baadhi ya majibu tunayoyatafuta huenda yamelala katika sanduku la bati nyuma ya sakristia.

Jumuiya zetu za kikristo za msingi nazo zina sehemu yao. Zinamjua kila mkaaji wa bonde, mjane, kiwete, mama aliyejifungua juzi. Siku kipimo kitakapoonyesha kwamba mvua imezidi kiasi cha kuogopesha, jumuiya ndiyo itakayojua nani hawezi kukimbia peke yake. Hapo daftari na upendo wa jirani vitakutana.

Najua kwamba daftari la mwaka mmoja haliwafai sana wataalamu. Miaka 30 ndiyo wanayoihitaji ili waanze kusema kwa hakika tabianchi ya mahali fulani ni ipi. Wengi wetu tunaoanza leo hatutakuwapo daftari hilo litakapokamilika. Lakini sisi ni watu wa Kanisa, na Kanisa limezoea kupanda miti ambayo wengine watakaa chini ya kivuli chake. Padri aliyeandika jina la babu yangu katika kitabu cha ubatizo hakujua kwamba mimi nitakuja kulitafuta. Aliandika kwa sababu kila mtu aliyezaliwa kwa maji na Roho alistahili kuandikwa.

Watu wa Nyamukubi na Bushushu walistahili vilevile. Hatuwezi tena kuipima mvua ya tarehe 4 Mei 2023. Mvua ya kesho inaweza kupimwa, mradi awepo mtu wa kutoka nje asubuhi na mapema, na bilauri mkononi na kalamu mfukoni, kabla ya kwenda shambani au Misani. Bwana, aliyeipa mvua njia yake na bahari mpaka wake, atujalie uaminifu katika jambo hili dogo.